Bibi Anapodakia Hadithi

Msomaji mkali kuliko wote wa riwaya ya Caramelo ni marehemu. Anaitwa Soledad, bibi mzaa baba wa msimuliaji, na kufa hakukumfunga mdomo. Mjukuu wake Celaya, ambaye nyumbani wanamwita Lala, anajaribu kusimulia ujana wa bibi huyo, na kila akifika mahali patamu bibi anadakia kwa herufi nzito: hapo umetia chumvi, hapo umeruka, mambo ya mapenzi mbona unayapita mbio, na kwa nini unanichora hivi mbele za watu? Lala anamjibu. Wanarushiana maneno, na sisi tunaosoma tumekaa kama wageni waliokuta wenyeji wanagombana, hatujui tuage au tujifanye tunaangalia picha ukutani.

Namtanguliza bibi kwa sababu nataka kuzungumzia wasomaji wa riwaya hii na wanayoyasema juu yake, na ingekuwa utovu wa adabu kuanza na wengine kabla ya mkubwa.

Sandra Cisneros aliitoa Caramelo mwaka 2002, miaka 18 baada ya kitabu chake kidogo kilichompa jina, The House on Mango Street. Alizaliwa Chicago mwaka 1954, binti pekee mwenye kaka na wadogo wa kiume sita, na baba yake aliyetoka Mexico alikuwa fundi makochi. Lala naye ana baba fundi makochi na nyumba iliyojaa wavulana, kwa hiyo hatuhitaji kumtafuta mwandishi kwa tochi. Familia ya Reyes inaishi Chicago, lakini kila kiangazi ndugu watatu wanapakia watoto kwenye magari matatu, Cadillac nyeupe, Impala ya kijani na Chevrolet nyekundu, wanashindana barabarani mpaka Mexico City kwa mama yao. Humo njiani, na katika nyumba hiyo ya bibi, na katika miaka iliyoitangulia hadi kwenye mapinduzi ya Mexico, ndimo hadithi inamotiririka. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kihispania kimo ndani yake kama uzi wa rangi ya pili kwenye mkeka: huwezi kuuchomoa mkeka ukabaki mkeka.

Kabla hata ya sura ya kwanza, kitabu kinamwomba mtu asimulie kitu, hata kikiwa uongo. Mtu aliyekulia kwetu hahitaji sentensi hiyo itafsiriwe. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Nilipoifikia nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kusoma habari za watu wa mbali na mlangoni nikapokelewa na maneno ya bibi yangu mwenyewe.

Sasa twende kwa walio hai.

Lalamiko la kwanza linajulikana na ni la zamani kuliko Caramelo: Kihispania kimezidi. Msomaji wa Kiingereza anafika kwenye sentensi, anakuta maneno matatu asiyoyajua, hakuna tafsiri pembeni wala sherehe ya maneno, yaani orodha ya maana zake, mwishoni, na anahisi amefungiwa nje ya nyumba aliyolipia kiingilio. Lalamiko la pili linatoka upande wa pili wa ukuta. Wapo wanaojua Kihispania vizuri wanaosema kimetumika kama bizari tu, mama na bibi na majina ya vyakula, na kwamba mtu mwenye jambo la kusema kuhusu Wamexico angelisema kwa lugha ya Wamexico. La tatu ni dogo lakini mimi nalipenda kuliko yote: kwamba hata Kiingereza chenyewe si Kiingereza. Kuna shangazi mle anaitwa Aunty Light-Skin. Mwingereza hamwiti shangazi yake Shangazi Mweupe. Ni Kihispania kilichovalishwa koti la Kiingereza, mikono mirefu, mabega yamelegea, na kinatembea hivyohivyo barabarani bila aibu.

Hawa wa kwanza nawaelewa, ingawa siwaonei huruma sana. Sisi tumekua tukicheza nyimbo za Franco na Tabu Ley kwenye harusi, tukizijua kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na wengi wetu hatukujua Lingala hata ya kuombea maji. Hakuna aliyesimamisha muziki akaomba maelezo. Tulijua hapa analalamika, hapa anabembeleza, hapa amesutwa. Ukiuliza Mkongo akakufasiria, mara nyingi ulikuta ulikuwa umekaribia, na mara nyingine ulikuta wimbo uliouchezea kwa furaha ulikuwa kilio. Hiyo nayo ni namna ya kuelewa. Msomaji wa Kiingereza, hasa wa Marekani, hana mazoezi hayo. Amezoea dunia nzima imtafsirie, na siku moja isipomtafsiria anadhani kuna hitilafu ya uchapaji.

Lakini tuseme tumempa hiyo sherehe ya maneno anayoitaka. Tuandike nini? Mtoto wa Kimexico akiitwa na mkubwa haitiki kwa kusema neno lao la "nini?". Anasema mande, ambalo asili yake ni kama "niamuru". Mwandishi wa kamusi mwenye haraka ataweka mbele yake neno la Kiingereza la kuuliza "nini", na atakuwa hajadanganya, ila atakuwa amempiga mtoto yule kofi. Jaribu kumweleza Mzungu tofauti kati ya binti anayeitika "abee" na anayeitika "nini?" akiwa mbele ya baba yake mkubwa. Neno moja lina malezi yote ya miaka kumi ndani yake, na mzazi aliyesimama jikoni anasikiliza kama malezi hayo yalifanya kazi. Msomaji asiyelijua akilipita bila kulielewa amekosa kidogo. Akipewa "nini" amepewa kitu cha uongo, na hatarudi tena kulitafuta.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za ugomvi huu, wanaosema Kihispania ni kingi na wanaosema ni haba. Wote wanahesabu maneno yaliyochapwa. Hebu tujiulize watu wa kitabu hiki wanazungumza lugha gani. Bibi Soledad amezaliwa na kuzeekea Mexico. Magomvi yake na mumewe, maneno yake kwa mwanawe mpendwa Inocencio, kejeli zake kwa mkwe, yote yametoka kinywani mwake kwa Kihispania. Inocencio anapozungumza na mkewe na watoto wake, ni Kihispania kwa sehemu kubwa. Riwaya karibu yote ilitokea kwa Kihispania. Tunachosoma ni tafsiri, na mfasiri ni Lala.

Kwa hiyo yale maneno machache yaliyobaki bila kutafsiriwa hayakuingizwa. Ni yale yaliyogoma kutoka. Msomaji anayelalamika kwamba amekuta Kihispania kwenye riwaya ya Kiingereza ni kama mtu aliyebebwa mgongoni kuvushwa mto mzima halafu analalamika kwamba vidole vya mguu vimelowa. Na yule anayesema Kihispania ni kidogo hajaona kwamba Shangazi Mweupe ni Kihispania kitupu, kimefuatwa neno kwa neno, kama mtoto anavyofasiri anapokuwa na haraka na mkubwa amesimama juu yake.

Mtoto anayefasiri. Kila familia ya wahamiaji inamjua, na walio na ndugu Minnesota au Texas wanamjua kwa jina. Ndiye anayekwenda na mama hospitali, anayesoma barua ya mwenye nyumba, anayepokea simu ya benki akiwa na miaka tisa. Anajua magonjwa ya wazazi wake kabla hajajua majina ya viungo vya mwili. Anajua madeni. Anajifunza mapema kuchagua: hili nilifasiri lote, hili nililainishe, hili nilimeze kabisa kwa sababu mama akilisikia atalia hapahapa dirishani. Lala ni mtoto huyo aliyekua akapewa kurasa zaidi ya 400.

Baba yake alikuwa na maoni yake kuhusu lugha hizi mbili. Kitabuni kuna sehemu Inocencio anakumbuka msemo wa zamani kwamba Kihispania ni lugha ya kuzungumza na Mungu na Kiingereza ni ya kuzungumza na mbwa. Tatizo ni kwamba mbwa ndio waliokuwa wakimpa kazi, na wakibweka ilibidi ajue kuwajibu. Akajiagizia kozi ya kujifunzia nyumbani. Wapo wasomaji wanaokasirishwa na ukurasa huo, wanaona wametukanwa. Mimi naona mtu mwenye adabu zote za kwao, anayejua kuomba radhi na kuomba njia kwa maneno marefu yenye heshima, amefika mahali ambapo adabu hiyo ikifasiriwa inageuka kichekesho. Hicho ndicho kinachomuuma, na kwa kuwa ni mtu wa fahari analipa kwa mzaha. Mtu huyuhuyu alivaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mwaka 1997, Cisneros akiishi San Antonio, Texas, aliipaka nyumba yake rangi ya zambarau. Nyumba ilikuwa kwenye mtaa wa kihistoria unaoitwa King William, na tume ya jiji inayosimamia majengo ya kale ikasema rangi hiyo haifai kihistoria. Yeye akauliza historia ya nani. Watu wa asili ya Mexico waliishi mji huo na rangi zao, alisema, ila nyumba zao hazikuandikwa kwenye kumbukumbu za tume. Magazeti yakaja, watu wakaja kupiga picha. Mwishowe jua la Texas lilififisha zambarau ile ikawa rangi nyepesi ambayo wakubwa waliweza kuivumilia. Kila ninaposoma mtu akisema Kihispania fulani "hakifai" kwenye sentensi fulani ya Kiingereza, naikumbuka nyumba ile.

Kuna malalamiko mengine ya ndani ambayo nitayapitia upesi, kwa sababu hayana ugeni kwa yeyote aliyewahi kuandika juu ya ndugu zake. Kwamba ameanika nguo chafu. Kwamba wanaume wa Kimexico wametoka vibaya. Kwamba amesema wazi habari ya rangi ya ngozi, ya mfuaji nguo na bintiye Candelaria mwenye rangi ya karameli anayedharauliwa nyumbani kwa bibi, jambo ambalo familia nyingi za heshima wangependa libaki uani. Hayo ni malalamiko ya kweli ya watu wa kweli, na jibu lake ni lilelile kila mahali: lingekuwa si kweli, lisingeuma.

Lililonishughulisha zaidi ni lile la Kihispania cha bizari, kwa sababu mwaka 2020 lililipuka mahali pengine, na Cisneros mwenyewe akajikuta katikati. Riwaya ilikuwa American Dirt ya Jeanine Cummins, kuhusu mama na mwanawe wanaokimbia wauaji wa biashara ya dawa za kulevya kutoka Acapulco kuelekea Marekani. Oprah Winfrey aliichagua kwa klabu yake ya vitabu. Mwezi mmoja kabla, mwandishi Myriam Gurba alikuwa ameshaichambua kwa ukali, na wasomaji wengi wa asili ya Mexico wakaungana naye: Mexico ile ilikuwa ya mtalii, na Kihispania chake kilikuwa kile cha kwenye menyu, maneno yaliyonyunyizwa ili msomaji wa nje aonje ugeni bila kuung'ata. Mchapishaji akafuta ziara ya mwandishi. Na miongoni mwa majina makubwa yaliyokuwa yamekisifia kitabu hicho kabla hakijatoka lilikuwamo la Sandra Cisneros. Alipoulizwa hakurudi nyuma. Aliona kitabu hicho kingeingia kwa wasomaji ambao vitabu vya Walatino, watu wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, haviwafikii, kama farasi wa Troy wa hadithi aliyeingia mjini na askari tumboni.

Nadhani alikosea, na nadhani naelewa kwa nini. Mtu aliyetumia maisha yake akiwabeba wasomaji kuvuka mto anapomwona mwingine anavusha watu wengi kuliko yeye, hata kama kwa mashua inayovuja, atashawishika kushangilia. Lakini wasomaji waliokasirika walikuwa wameona kitu ambacho hesabu ya maneno haikionyeshi. Kihispania cha Lala kinabaki pale ambapo tafsiri imeshindwa. Kihispania cha bizari kinawekwa pale ambapo tafsiri haikuhitajika hata kidogo, ambapo neno la Kiingereza lingetosha na lile la Kihispania halileti chochote isipokuwa harufu ya nchi ya mbali. Mtu anayeijua lugha hasahau tofauti hiyo, kama usivyohitaji darubini kujua kwamba yule mwigizaji anayesema "hakuna matata" hajawahi kupanda daladala.

Walioumizwa zaidi na vitabu vya namna hii, hata hivyo, hawako kwenye kelele hizo. Ni wasomaji wenye jina la Reyes au García kwenye kitambulisho, nyuso za bibi zao, mapishi ya bibi zao, na hawakijui Kihispania. Wanafungua Caramelo wakitegemea kufika nyumbani na wanakwama kwenye sentensi ileile aliyokwama Mwingereza. Mwingereza anakasirika. Wao wanaona aibu, na aibu haiandiki malalamiko. Vijana wenzao wana jina la kuwachekea: "no sabo", kutokana na kosa la mtoto anayejaribu kusema "sijui" na kunyambua kitenzi vibaya. Yaani hata kukiri kwamba hujui kunakuumbua.

Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo yake kuhusu Walatino na Kihispania. Kati ya watu wazima, asilimia 24 walisema wanaweza kuzungumza Kihispania kidogo tu au hawawezi kabisa. Katika hao, asilimia 54 walisema Mlatino mwenzao amewahi kuwafanya wajisikie vibaya kwa sababu hiyo. Na bado Walatino asilimia 78 walisema si lazima mtu ajue Kihispania ndipo ahesabiwe kuwa mmoja wao. Ukiziweka tarakimu hizi pamoja unaona sura ya mjomba anayeshangilia kwamba sote ni familia, halafu mezani anamgeukia mpwa wake: hebu sema kitu tusikie.

Mjomba amesahau, au hakuambiwa, namna lugha ilivyotoka. Marfa ni mji mdogo wa Texas magharibi. Kulikuwa na shule huko, Blackwell, kwa ajili ya watoto wa asili ya Mexico, waliotengwa na watoto Wazungu. Mwaka 1954 wanafunzi waliambiwa waandike kwenye vikaratasi kwamba hawatazungumza tena Kihispania. Vikaratasi vikatiwa kwenye kisanduku, kisanduku kikazikwa karibu na mlingoti wa bendera, na shughuli hiyo ikaitwa mazishi ya Bwana Kihispania. Walifanya mazishi kwelikweli, na waombolezaji walikuwa watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2022 sheria ilitiwa saini kuifanya shule hiyo kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Gloria Anzaldúa, aliyekulia kusini mwa jimbo hilohilo, ameandika katika Borderlands/La Frontera ya mwaka 1987 jinsi alivyochapwa vidoleni kwa kusema Kihispania wakati wa mapumziko, na jinsi chuo kilivyowataka wanafunzi wa asili yake wachukue masomo mawili ya kuondoa lafudhi. Mtu aliyezika lugha yake akiwa mtoto wa shule, akija kuzaa, atamwimbia mwanawe kwa lugha gani? Atachagua ile isiyochapwa. Na mjukuu atakuja kuitwa "no sabo" na watu ambao bahati yao ilikuwa kufika Marekani baadaye.

Serikali nayo husoma, kwa namna yake. Arizona ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyolenga masomo ya Wamarekani wa asili ya Mexico katika shule za Tucson, ambako vitabu vya Cisneros vilikuwa kwenye orodha ya kusomwa. Januari 2012 masomo hayo yakafutwa, na baadhi ya vitabu vilifungwa kwenye maboksi vikatolewa madarasani. Jaji wa shirikisho alikuja kuamua mwaka 2017 kwamba hatua hiyo ilisukumwa na ubaguzi wa rangi. Miaka mitano ni mingi kwa mwanafunzi. Aliyekuwa kidato cha pili siku maboksi yanafungwa alikuwa ameshaondoka shuleni.

Caramelo inaanza na picha. Familia nzima iko ufukweni Acapulco, mpiga picha wa mtaani anapita, wanajipanga, wanapigwa picha ya kumbukumbu. Lala hayumo. Wamemsahau, yuko pembeni anacheza mchangani. Wasomaji wa tabaka hili la wajukuu huitaja picha hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote, na sishangai. Ni familia yako, wamo wote, na kama unataka kuwamo itabidi uwe wewe uliyeshika kamera.

Kuna jambo la mwisho linalonivutia, nalo ni kilichoipata riwaya hii iliporudishwa kwa Kihispania. Liliana Valenzuela aliifasiri, na fikiria kazi aliyokabidhiwa. Maneno yaliyogoma kutoka sasa yamezungukwa na ndugu zao na hayaonekani tena. Shangazi Mweupe amerudi kuwa shangazi wa kawaida, koti limemkaa. Bibi wa Mexico City anaweza kuisoma bila kujikwaa, jambo jema, ila kujikwaa kwenyewe kulikuwa nusu ya hadithi. Jambo hilohilo tumeliona karibu na kwetu. Abdulrazak Gurnah amewahi kueleza kwamba wachapishaji wa Uingereza hupenda maneno ya kigeni yachapwe kwa herufi za mlazo au yapewe sherehe, na kwamba yeye hukataa. Riwaya yake Paradise ilipoletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi, maneno aliyoyapigania yalikaa chini kama watu waliofika kwao wakavua viatu. Nilifurahi kuisoma. Pia nilimkumbuka, kwa dakika moja hivi, yule msomaji wa London aliyekwama kwenye neno moja la kwetu na akalazimika kulitazama.

Bibi Soledad asingejali lolote katika haya. Alichokuwa akitaka, inakuja kujulikana, hakikuwa sarufi. Amekwama kati ya huku na kule, hajavuka, na anamtaka mjukuu amsimulie ili watu wamwelewe na wamsamehe. Yeye aliyempenda mwanawe kupita kiasi na kuwanyanyasa wengine wote anamhitaji mtoto ambaye hakuwa na habari naye, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kumfasiri.

Karibu na mwisho, Inocencio, ambaye moyo wake umeshamwangusha mara moja, anamweleza Lala mambo yake kisha anamwapisha. Asije akayasema haya kwa mtu, kamwe. Lala anamtazama usoni anamjibu kwamba anaahidi. Ukurasani jibu limechapwa kwa Kiingereza. Baba yake bila shaka alilisikia kwa Kihispania.